Paka mzee anamaliza bakuli la maji: kufuatilia figo zake dalili kwa dalili

Kidosho alikuwa na miaka 13 alipoanza kunifuata bafuni alfajiri ili anywe kwenye ndoo ya kutawadhia. Huyu ni paka ambaye maisha yake yote alikuwa akiyagusa maji kwa ulimi mara mbili tatu, basi. Nikasema ni joto. Tanga mwezi wa Februari hata kuku hutembea midomo wazi. Kaskazi ikaisha, masika yakaingia, kuta zikaota ukungu, naye bado kichwa kiko ndooni. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Badala yake nikamwona amekonda, nikamwongezea dagaa.

Dagaa wale nitawarudia. Nimeyapanga maelezo haya kwa dalili kwa kuwa ndizo tunazoziona nyumbani; jina la ugonjwa hutoka maabara. Na nitangulize neno moja, usije ukaruka mbio kwenye habari za majani na mafuta: kwenye figo za paka, maji na fosforasi, madini yaliyojaa kwenye mifupa, ndiyo kazi yenyewe. Virutubisho vya asili ni wasaidizi. Wachache wana faida, wengi hawana, na baadhi ni sumu.

Anakunywa sana, anakojoa sana

Paka hawa wa nyumbani asili yao ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame. Figo zake zinajua kubana maji, ndiyo maana mkojo wa paka mwenye afya ni mzito na unanuka hadi kwa jirani. Figo zikichakaa, ujuzi huo hupotea mapema. Kazi yake ikishapungua kwa kama theluthi mbili, mkojo hutoka mwingi, mweupe, karibu hauna harufu, na paka anakunywa ili kufidia kilichotoka. Kreatinini, kipimo cha damu ambacho maabara nyingi zinacho, haipandi waziwazi mpaka karibu robo tatu ya kazi iwe imekwenda. Kwa hiyo bakuli linaweza kukupa habari kabla ya damu.

Usikisie, pima. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, mimina yote kwenye bakuli saa moja asubuhi. Kesho yake saa ile ile rudisha yaliyobaki kwenye chupa uone pengo. Weka na bakuli la pili lenye maji kiasi kile kile juu ya kabati, paka asipofika. Yatakayopungua humo yamekaushwa na joto, uyatoe kwenye hesabu. Funika ndoo zote na funga choo, la sivyo unajidanganya. Kama una paka watatu, mtenge huyo mmoja chumbani kwa siku hiyo. Paka akinywa zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mililita 200 kwa paka wa kilo 4, siku mbili tatu mfululizo, ana jambo. Anayekula chakula chenye majimaji hata nusu ya hapo ni nyingi. Kidosho, kilo 3 na robo, siku ya kwanza alimaliza mililita 260.

Ila figo si mtuhumiwa pekee. Kisukari nacho huleta kiu, na kina alama ambayo wazee wanaijua kwa binadamu: sisimizi wanajipanga kwenye mkojo. Ukiwaona kwenye mchanga wa paka, nunua vijiti vya kupimia mkojo duka la dawa. Kile kiboksi cha sukari kinasoma sawasawa hata kwa paka. Kiboksi cha uzito wa mkojo usikiamini, kwa paka hakisemi kweli. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizidisha kazi, paka anakunywa, anakula kama yuko harusini, na bado anakonda. Paka jike asiyefungwa kizazi, akiwa na kiu na uchafu unamtoka nyuma, huenda tumbo la uzazi limejaa usaha, na hilo ni la kwenda kwa daktari leo. Halafu kuna sababu nyepesi kabisa: umemlisha ng'onda au papa mkavu, chumvi tupu.

Kosa ambalo watu wengi hufanya hapa ni kumpunguzia maji ili asikojoe ndani. Usithubutu. Anakunywa kwa sababu yanamtoka. Ukimnyima, unazimalizia figo zilizobaki.

Anachuchumaa kila mara, hakitoki kitu

Hasa dume. Anaingia kwenye mchanga, anajikamua, analia, anajilamba chini, tone halitoki. Watu hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula. Njia ya mkojo imeziba, na ndani ya siku moja au mbili potasiamu inapanda damuni mpaka moyo unasimama. Hakuna chakula wala mti unaotibu hili. Mkimbize usiku huo huo.

Amekonda mgongoni ingawa anakula

Manyoya huficha. Pitisha vidole kwenye uti wa mgongo: ukihesabu pingili kama tasbihi, nyama imekwisha. Mpime uzito. Mimi Kidosho humpeleka dukani kwa jirani ndani ya kikapu cha ukili, anapimwa kwenye mizani ya mchele, halafu tunatoa uzito wa kikapu. Wateja wameshazoea. Wengine huuliza kilo ni shilingi ngapi.

Minyoo, meno mabovu, thairoidi na figo vyote hukondesha, kwa hiyo mfungue mdomo kwanza. Ufizi mwekundu na jino linalonuka uozo ni habari ya meno. Pumzi inayonuka kama mkojo uliolala ni habari ya figo. Ufizi mweupe kama karatasi ni upungufu wa damu, kwa sababu figo ndizo zinazotoa amri ya kutengeneza damu. Huyo usimchezee nyumbani.

Sasa dagaa. Nilipompeleka Kidosho, daktari wa mifugo aliangalia majibu, akaniuliza anakula nini. Nikajibu kwa kujisifu kidogo: dagaa wazima, vichwa vya samaki, maini Ijumaa, maziwa jioni. Vyote vya asili.

"Mama," akasema, "unamlisha fosforasi sahani nzima."

Fosforasi imejaa kwenye mifupa, na dagaa huliwa na mifupa yake yote, kichwa na mkia. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo mbovu hushindwa, inarundikana damuni, inazidi kuharibu figo, na paka anajisikia vibaya. Maini nayo yana fosforasi nyingi. Maziwa vilevile, na juu yake huharisha paka wengi wakubwa. Soseji ni mbaya zaidi: fosfeti zinazotiwa kiwandani hunyonywa haraka kuliko ile iliyomo kwenye nyama yenyewe.

Wapo wanaosikia hivi wakaruka upande wa pili: protini ni mbaya, basi ugali na mchuzi. Huko ndiko kumuua kwa njaa. Paka ni mla nyama, hana hiari. Anahitaji taurini, ambayo haimo kwenye ugali wala mchicha, na akiikosa moyo na macho huharibika. Asipopata protini atakula misuli yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni protini nzuri ya kiasi, yenye fosforasi kidogo.

Ananusa chakula, analamba midomo, anaondoka

Hiki ni kichefuchefu. Taka zinazoshindwa kutoka kwenye mkojo huchafua tumbo. Utaona udenda, kutapika povu asubuhi, kutafuna hewa. Watu wengi hapa ndipo huanza kumlazimisha chakula kipya cha figo, na hapa si mahali pake. Paka hukumbuka: chakula alichokionja akiwa anaumwa tumbo atakichukia hata akipona. Kwanza tulizeni kichefuchefu kwa dawa ya daktari, mpeni anachokipenda, chakula kipya kije akishakuwa na hamu ya kula. Kukipasha moto hadi kiwe vuguvugu kama mwili wa panya kunasaidia kuliko unavyodhani, maana paka hula kwa pua.

Asipokula kabisa kwa siku mbili, usingoje ya tatu. Mafuta hujaa kwenye ini lake, ukawa na magonjwa mawili.

Nimlishe nini basi?

Chakula cha figo kilichotengenezwa maalumu, ikiwezekana cha kopo au pakiti chenye majimaji. Najua kinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi, na najua bei yake. Lakini kati ya yote utakayoyasoma humu, hiki ndicho chenye ushahidi mzito. Mwaka 2000 watafiti wa London walichapisha matokeo ya paka 50 wenye figo mbovu: waliokubali mlo huo waliishi siku 633 kwa wastani wa kati, na waliobaki na chakula chao cha zamani siku 264. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Waliobaki ni wale waliokikataa chakula, au wenye paka ndio waliokataa. Mwaka 2006 Marekani walifanya kwa kura, paka 45, miaka miwili: robo hivi ya waliokula chakula cha kawaida walizidiwa na sumu ya figo, na kwenye kundi la mlo wa figo hakuzidiwa hata mmoja.

Kibadilishe polepole, kijiko kimoja ndani ya vinne, wiki tatu au nne. Kidosho ilimchukua wiki sita na magomvi.

Kama mfuko haukuruhusu, punguza madhara. Acha mifupa, vichwa, dagaa, maini, soseji na vyote vya chumvi. Chemsha minofu ya kuku pamoja na ngozi, kwa maji mengi, kisha mwaga maji, kwa kuwa sehemu ya fosforasi huondoka nayo. Changanya na wali mweupe kidogo na ute wa yai uliochemshwa. Ute una protini safi na fosforasi karibu hakuna, kiini ndicho kilichojaa. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mlo huu ni wa kuvukia siku mbaya tu. Hauna kalsiamu wala vitamini za kutosha, na taurini yake ni ya mashaka, kwa hiyo ukitaka kuupika miezi, daktari akupimie nyongeza zake.

Na maji. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10, cha kopo karibu 75 hadi 80. Kubadilisha hilo peke yake ni kama kumwongezea bakuli. Maji ya kisima ya hapa kwetu pwani mengi yana chumvi, basi mpe yale mnayokunywa ninyi. Bakuli liwe pana, sharubu zisiguse kingo, lisikae karibu na sahani wala choo chake. La udongo hupoza maji vizuri. Minofu ya kibua nikiichemsha bila chumvi, huchukua vijiko viwili vya maji yake nikatia kwenye bakuli kwa harufu tu. Nasema vijiko viwili vya maji ya minofu. Supu ya vichwa iliyochemka saa mbili ni fosforasi ya kunywa.

Choo kigumu, shingo imeinama, macho hayaoni

Choo kikiwa kama kokoto, mwili umekauka. Maji kwanza, boga la kuchemsha, nusu kijiko cha chai, bila sukari wala nazi, laweza kusaidia.

Shingo ikiinama kidevu kikagusa kifua, naye hawezi kuinua kichwa, potasiamu imeshuka. Pwani mtu akisikia potasiamu atakwambia mpe maji ya dafu. Hapana. Paka mwingine mwenye figo mbovu, hasa hatua za mwisho au aliyeziba mkojo, potasiamu yake imepanda, na dafu hilo litamsimamisha moyo. Kwa macho huwezi kujua kiasi kilichomo damuni. Apimwe, apewe ya kipimo.

Akianza kugonga meza, mboni zimepanuka hata juani, ni shinikizo la damu, rafiki mkubwa wa figo mbovu, retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka. Likitibiwa mapema huenda akaona tena kidogo. Dawa inayotumika sana ni amlodipini, ile ile wanayomeza wazee wetu, lakini kipande cha paka hakikatwi kwa kukisia.

Jana alikuwa mzima, leo amelala hoi

Figo zinazochakaa huchukua miezi na miaka. Zinazoanguka kwa siku moja huwa zimepewa sumu, na hapa ni mbio za saa. Angalia maua. Yungiyungi wale wakubwa wanaotiwa kwenye mashada ya mahafali na harusi, wenye chavua ya rangi ya manjano ya binzari, huua figo za paka: jani, ua, chavua aliyojilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo kilichoshika maua. Nyumba yenye paka haihitaji ua hilo. Angalia chini ya gari: maji ya rejeta yenye kulanti ni matamu, na kiasi cha kijiko kimoja cha chai chatosha kumaliza paka. Na jiulize wewe mwenyewe umempa nini. Diklofenaki na ibuprofeni huua figo zake. Panadol huharibu damu na ini, kidonge kimoja ni kifo.

Na dawa za asili?

Jirani yangu alikuwa na jibu tayari: "Shoga, mpe habasoda, hakuna isichotibu ila mauti." Nampenda jirani yangu. Lakini habasoda haijaonyeshwa kuponya figo za paka, na paka mwenye kichefuchefu akikutana na ukali ule hataigusa tena sahani hiyo. Mwarobaini usimpe kabisa, wala mafuta yake usimpake. Paka wameshadhurika nayo. Utomvu wa mshubiri huharisha, na kuharisha ni kupoteza maji. Majani yoyote yanayosifiwa kwamba "yanasafisha figo" kwa kukojoza yanafanya kinyume cha unachotaka: huyu anakojoa kupita kiasi tayari.

Vinavyostahili kuzungumzwa ni vichache. Mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi wa wastani, na vyakula vingi vya figo huwa vimeshatiwa. Usichanganye na mafuta ya ini la samaki wanayopewa watoto. Hayo yana vitamini A na D nyingi, na D ikizidi hupandisha kalsiamu na kuharibu figo. Vitamini B hupotea na mkojo mwingi, kuzirudisha hakuna ubaya. Bakteria wema wa kunyunyiza kwenye chakula ili "wale sumu" walijaribiwa kwa paka, matokeo yakachapishwa 2011, na vipimo vya damu havikubadilika. Ni ghali, hifadhi pesa yako kwa kopo.

Unga wa ganda la yai nitauzungumzia kidogo zaidi kwa kuwa kila mtu anaweza kuusaga. Ni kalsiamu kaboneti, na kweli hushika fosforasi tumboni ikatoka na choo. Masharti: uchanganywe ndani ya chakula chenyewe, maana ukipewa peke yake hauna cha kushika, na kalsiamu ya damu iwe imepimwa kabla na baada. Ikizidi, umeongeza tatizo. Mimi sikuanza nao mpaka mlo ulipobadilika na fosforasi ikabaki juu.

Kusoma karatasi ya maabara

Maabara ya binadamu inaweza kupima kreatinini ya paka, ila viwango vilivyochapishwa pembeni ni vya mtu, usivifuate. Kundi la wataalamu wa figo za wanyama, IRIS, lililoanzishwa 1998, limegawa hatua nne kwa paka: chini ya 140 ni ya kwanza, 140 hadi 250 ya pili, 251 hadi 440 ya tatu, juu ya hapo ya nne. Vipimo hivyo ni maikromoli kwa lita. Karatasi ikiandika miligramu, zidisha kwa 88.4. Damu ichukuliwe akiwa ameshakunywa vizuri, kwa kuwa mwili mkavu hupandisha namba. Na paka aliyekonda sana huonyesha namba ndogo kuliko ukweli, kwani kreatinini hutoka kwenye misuli, naye misuli hana. Omba pia fosforasi, potasiamu, uzito wa mkojo na protini ya mkojo. Ukiwa na moja tu ya kuchagua kuongeza, chagua fosforasi. Kwenye hatua ya pili lengo ni ibaki chini ya 1.5, na hiyo ni milimoli kwa lita.

Kidosho alianza na kreatinini 236 na fosforasi 2.1. Baada ya miezi mitatu ya kopo na maji ya kibua, 221 na 1.4. Figo hazikupona, hazitapona. Ila kilo zimerudi 3 na nusu kwenye mizani ya mchele, na ndoo ya kutawadhia siku hizi naikuta na kifuniko chake, naye amelala juu yake.